Poschiavo, Moesa au Bregaglia: mabonde matatu ya Kiitalia huko Graubünden, lipi litakufaa?

Ukitaja Uswisi ya Kiitalia, wengi watakutajia Lugano na Locarno, na mazungumzo yataishia huko Ticino. Lakini Kiitalia ni lugha rasmi ya jimbo jingine pia: Graubünden, ambalo wenyeji wake wa Kiitalia huliita Grigioni. Ndilo jimbo pekee la Uswisi lenye lugha rasmi tatu, yaani Kijerumani, Kiromanshi na Kiitalia. Wasemaji wa Kiitalia wako kusini, kwenye mabonde yanayoteremka kuelekea Italia na Ticino: Mesolcina na mwenzake mdogo Calanca, ambayo kwa pamoja huitwa Moesa; Bregaglia; na Poschiavo.

Nawaandikia wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza yuko Zurich, Milano au Munich, ana siku chache za likizo, na angependa kuona Milima ya Alpi bila msongamano wa watalii. Wa pili anafikiria kazi au makazi. Majibu yao hayafanani, lakini wote wawili wanahitaji kujua jambo moja ambalo ramani ya lugha haionyeshi: mabonde haya hayapakani. Yamepewa rangi moja kwenye ramani, ila yamepeana mgongo. Mtu wa Poschiavo anayetaka kumtembelea ndugu yake aliye Mesocco, bonde la Mesolcina, ama avuke milima miwili mitatu na kupita kwa wasemaji wa Kiromanshi na Kijerumani, ama ashuke Italia, azunguke karibu na Ziwa Como na kuingilia Bellinzona. Ndiyo maana kuchagua bonde hapa ni kuchagua jirani wa kushirikiana naye: Tirano kwa Poschiavo, Bellinzona kwa Moesa, au St. Moritz na Chiavenna kwa Bregaglia. Mandhari ni mazuri kote, hayatakusaidia kuamua.

Ukubwa na utawala

Hadi mwisho wa 2015 Graubünden iligawanywa kwa wilaya. Tangu 2016 wilaya zimefutwa na kuna mikoa 11. Moesa ni mkoa kamili wenye manispaa 12 na watu wapatao 8,500. Poschiavo, pamoja na manispaa jirani ya Brusio, ndiyo mkoa wa Bernina: manispaa mbili tu, watu zaidi kidogo ya 4,500. Bregaglia haina mkoa wake. Ni manispaa moja yenye watu wapatao 1,500, imewekwa ndani ya mkoa wa Maloja pamoja na miji ya bonde jirani la Engadina ya Juu, ambako St. Moritz ndiyo yenye sauti.

Tofauti hiyo utaiona kwenye maisha ya kila siku. Mtu wa Moesa mwenye kesi anakwenda mahakama ya mkoa palepale Roveredo. Wa Poschiavo anayo yake mjini. Wa Bregaglia inambidi apande hadi St. Moritz, mji wa Kijerumani. Kisheria lugha yake inalindwa, maana jimbo lina sheria ya lugha iliyoanza kutumika 2008, na chama cha Pro Grigioni Italiano kimekuwa kikiitetea tangu 1918. Lakini kulindwa na sheria ni jambo moja, na kuhudumiwa na karani anayeota ndoto kwa lugha yako ni jingine.

Namna ya kufika

Hapa Poschiavo inashinda kwa mbali, sitajifanya mpatanishi. Treni nyekundu ya Rhätische Bahn inatoka St. Moritz, inapanda hadi Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka mpaka Tirano upande wa Italia, mita 429. Safari nzima ni kama saa mbili na nusu. Haina reli ya meno katikati kama treni nyingi za milimani. Inapanda kwa magurudumu yake tu, hata pale ambapo njia inainuka mita 70 kwa kila mita 1,000. Ili mwinuko usizidi hapo, huko Brusio wahandisi waliizungusha reli duara kamili juu ya daraja la mawe la matao tisa, na treni inapita chini ya daraja ileile iliyotoka kupita juu yake. Reli ilikamilika 1910 na tangu 2008 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ushauri: acha ile Bernina Express ya madirisha makubwa, ambayo lazima ulipie nafasi kabla. Treni ya kawaida inapita reli ileile, inasimama kila kituo, na baadhi ya mabehewa yake yana madirisha yanayofunguka. Picha zako zitakuwa bila mwanga wa kioo. Anayetoka Milano ana njia rahisi zaidi: treni ya moja kwa moja hadi Tirano, saa mbili na nusu, halafu unavuka tu uwanja kwenda kituo cha Waswisi.

Moesa haina treni ya abiria. Ilikuwa nayo: reli ya Bellinzona hadi Mesocco ilifunguliwa 1907, ikaacha kubeba abiria 1972. Kilichoiua kinaonekana wazi. Mwaka 1967 lilifunguliwa handaki la San Bernardino, urefu wa kilomita 6.6, na barabara kuu A13 ikawa njia ya magari kati ya kaskazini na kusini mwaka mzima. Leo unakuja kwa basi kutoka Bellinzona, dakika ishirini na kidogo hadi Roveredo, au kutoka Chur, mji mkuu wa jimbo, kupitia handaki. Mwenye gari atafurahi. Asiye na gari atafika vizuri kwenye vijiji vya chini, ila Calanca itamtaka asome ratiba kwa makini.

Bregaglia unafika kwa basi la posta la manjano kutoka St. Moritz. Baada ya Maloja, mita 1,815, barabara inaporomoka ghafla kwa kona za kujikunja kama utumbo, na ndani ya nusu saa umetoka kwenye baridi ya Engadina ukaingia kwenye nyumba za mawe. Mwisho ni Castasegna mpakani, na chini yake Chiavenna ya Italia.

Kwa wenye pasi za Afrika Mashariki: Uswisi imo ndani ya Schengen tangu 2008, hivyo viza ya Schengen inakutosha kwenda Tirano au Chiavenna na kurudi, na kuvuka huko hakuhesabiwi kuwa umetoka na kuingia upya. Lakini Uswisi haimo kwenye umoja wa forodha wa Ulaya, kwa hiyo maofisa wa forodha bado wapo na wanaweza kukuuliza ulichobeba. Tembea na pasipoti yenyewe, usiwe na picha yake kwenye simu tu.

Waliotoka, na walichokirudisha

Mabonde yote matatu yalikuwa maskini na yalitoa watu kwenda ughaibuni. Kwangu mimi hili ndilo jambo linaloyatofautisha vizuri kuliko milima.

Watu wa Poschiavo walikwenda kufungua migahawa na maduka ya keki katika miji ya Ulaya, Hispania ikiwamo. Waliofanikiwa walirudi karne ya 19 wakajenga mtaa mzima wa nyumba kubwa pembezoni mwa mji, kuta za rangi, bustani mbele, zimepangwa mstari mmoja. Unaitwa mtaa wa Wahispania ingawa hakuna Mhispania aliyeujenga. Yeyote aliyewahi kutuma pesa nyumbani ili kijiji kione kuwa hakupotea bure atazisoma nyumba zile bila mwongozaji.

Bregaglia nako walikuwa wapishi wa keki. Kule Coltura, karibu na Stampa, kuna jumba la Castelmur lenye minara miwili kama ngome ya mchezo wa kuigiza. Aliyeliongeza hivyo katika karne ya 19 ni Giovanni de Castelmur, mtu wa ukoo uliopata utajiri kwa keki huko Marseille. Ndani siku hizi kuna makumbusho. Mimi ladha yake hainivutii, lakini hakuna mahali pengine panapokuonyesha wazi zaidi hamu ya mtu ya kutazamwa na majirani.

Mesolcina walitoa mafundi. Enrico Zuccalli wa Roveredo na Giovanni Antonio Viscardi wa San Vittore walikuwa wasanifu majengo wa watawala wa Bavaria mwishoni mwa karne ya 17, na kazi za wote wawili zimo katika kasri la Nymphenburg mjini Munich. Walichokijenga kilibaki ugenini. Ndiyo maana Roveredo haina mtaa wa fahari wa kulinganisha na ule wa Poschiavo. Ukiwa unaishi Munich, umeshawaona watu wa Mesolcina bila kujua.

Imani na kumbukumbu chungu

Mesolcina ni ya Kikatoliki. Bregaglia ni ya Kiprotestanti, jambo la nadra kwa jamii ya Kiitalia. Iligeuka karne ya 16, wakati wahubiri waliokimbia Italia walipopata hifadhi humo. Miongoni mwao alikuwa Pier Paolo Vergerio, aliyekuwa askofu kabla ya kuwa mchungaji wa Vicosoprano. Poschiavo ina wote, Wakatoliki wengi na Waprotestanti wachache, na makanisa yao yako hatua chache tu kutoka moja hadi jingine. Ujirani huo haukupatikana kwa amani: katika machafuko ya miaka ya 1620 Waprotestanti waliuawa Brusio na Poschiavo, kama ilivyokuwa kule Valtellina ng'ambo ya mpaka. Kabla ya hapo, katikati ya karne ya 16, Poschiavo ilikuwa na mtambo wa uchapaji wa Dolfino Landolfi, wa kwanza katika Graubünden nzima, ukitoa vitabu vya mageuzi ya dini.

Mesolcina nayo ina doa lake. Mwaka 1583 Kardinali Carlo Borromeo alizuru bonde hilo, na watu kadhaa, wengi wao wanawake, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mkuu wa makasisi wa Roveredo mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa.

La kuona

Kama ungeniruhusu kitu kimoja tu Mesolcina, ningekupeleka Mesocco. Magofu ya ngome yamekaa juu ya jabali katikati ya bonde. Mabwana wa Sacco waliiuza kwa Gian Giacomo Trivulzio wa Milano mwaka 1480, ikabomolewa 1526, na wananchi wakanunua uhuru wao kwa Trivulzio mwaka 1549. Chini ya jabali, kanisa la Santa Maria del Castello lina michoro ya ukutani ya karne ya 15, ikiwamo miezi ya mwaka na kazi za kila mwezi. Watu hukimbilia ngome wakalipita kanisa. Wewe fanya kinyume.

Baadaye shuka Cama, kwenye makumi ya vijumba vya mawe vilivyojengwa mahali ambapo upepo baridi unatoka kwenye nyufa za mlima. Vilikuwa vya kuhifadhi divai na jibini, na baadhi sasa ni sehemu za kula. Calanca ni ya mtu mvumilivu. Bonde jembamba, wakazi chini ya elfu moja, machimbo ya mawe Arvigo, na vijiji kama Braggio na Landarenca ambavyo unafikia kwa gari la kamba tu. Mwaka 2016 mpango mkubwa wa mbuga ya taifa, Parc Adula, ulikataliwa kwa kura za manispaa husika. Calanca haikukata tamaa, ikaanzisha hifadhi yake ndogo ya mandhari, ambayo sasa inatambuliwa rasmi.

Poschiavo mjini, mita 1,014, ina uwanja mmoja mzuri wa katikati na nyumba ya wakulima ya zamani, Casa Tomé, ambayo imeachwa karibu kama ilivyokuwa. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya kilimo ya bonde inalimwa bila kemikali, na kuna alama maalumu, 100% Valposchiavo, kwa bidhaa ambazo malighafi na utengenezaji wake vyote ni vya bondeni. Kula pizzoccheri: tambi pana za unga wa bakwiti, viazi, mboga za majani, siagi na jibini bila aibu. Ni chakula cha mtu aliyeshinda anakata kuni, usikiagize ukiwa umekaa kwenye treni siku nzima.

Bregaglia ni ya macho. Alberto Giacometti alizaliwa Borgonovo mwaka 1901 na amezikwa hapohapo. Baba yake Giovanni na jamaa yao Augusto nao walikuwa wachoraji, na makumbusho ya Ciäsa Granda, Stampa, yana kazi zao. Soglio iko juu kwenye tambarare, inatazamana na vilele vya Piz Badile na wenzake, na kule Castasegna kuna msitu wa chesnati wenye vibanda ambamo njugu zake hukaushwa kwa moshi. Manispaa hii ilipewa tuzo ya Wakker mwaka 2015 kwa namna inavyotunza majengo yake.

Mlima ukianguka

Msomaji wa makazi asiruke sehemu hii. Julai 1987 mto Poschiavino ulifurika ukaujaza mji wa Poschiavo matope na mawe. Tarehe 23 Agosti 2017 kipande cha mlima Piz Cengalo, mita za ujazo zipatazo milioni tatu, kilianguka kwenye bonde la Bondasca, huko Bregaglia. Watembea milima wanane hawakuonekana tena, na matope yalifika hadi Bondo. Bwawa la kudaka mawe lililokuwa limejengwa baada ya maporomoko ya awali liliokoa sehemu kubwa ya kijiji. Tarehe 21 Juni 2024 ikawa zamu ya Mesolcina: mvua ilisomba kipande cha A13, na watu wakafa katika kitongoji cha Sorte, Lostallo. Barabara ilifunguliwa tena baada ya wiki mbili hivi, kasi ambayo hata wenyewe iliwashangaza.

Hakuna bonde salama kuliko jingine kwa hesabu hiyo. Manispaa zina ramani za hatari zinazoonyesha maeneo yasiyojengwa, na mpangaji au mnunuzi ana haki ya kuiomba. Iombe kabla ya kuulizia jiko.

Kazi, shule, kura

Moesa ya chini inaishi kwa Bellinzona. San Vittore na Roveredo ziko chini ya mita 300, kuna mizabibu, na asubuhi magari yanateremka Ticino. Hospitali kubwa iko huko, na vijana wengi wa sekondari ya juu husoma huko. Kwa familia inayofanya kazi Ticino lakini inatafuta utulivu, sioni mshindani. Roveredo hata imepona jeraha lake: barabara kuu iliyokipasua kijiji kwa takriban nusu karne ilihamishiwa ndani ya handaki mwaka 2016, na lami ya zamani ikang'olewa.

Poschiavo inajitosheleza kuliko ukubwa wake. Ina hospitali yake, San Sisto, gazeti lake lililoanza 1852, karakana ya reli, na makao makuu ya kampuni ya umeme ya Repower, iliyoanza kama mitambo ya Brusio mwaka 1904. Wafanyakazi wengi wanavuka kila siku kutoka Valtellina. Udhaifu wake ni vijana: anayetaka sekondari ya juu anavuka mlima kwenda Engadina au Chur, na Kijerumani hakikwepeki. Wengine hawarudi.

Bregaglia ina kazi chache: utalii, ujenzi, kilimo, na bwawa la Albigna linalomilikiwa na shirika la umeme la jiji la Zurich. Kituo cha afya kipo. Lakini kijana anayetafuta ajira atatazama Engadina, na huko tena ni Kijerumani.

Kuhusu vibali, asiye raia wa Umoja wa Ulaya au wa EFTA (Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein) anakabiliwa na idadi maalumu inayopangwa na serikali ya shirikisho, na mwajiri lazima aonyeshe kwamba hakupata mtu wa ndani au wa Ulaya. Bonde halibadilishi sheria hiyo. Kinachoweza kubadilika ni kura: katiba ya jimbo inaruhusu kila manispaa iamue yenyewe kama wageni wakazi watapiga kura katika mambo ya manispaa. Uliza ofisi ya manispaa kabla ya kuchagua pa kuhamia, kwa sababu hapa kura ya manispaa si pambo. Katika vijiji vidogo wananchi hukaa ukumbini wakapitisha bajeti, barabara na shule kwa kunyoosha mikono. Zamani watu wa Mesolcina walikusanyika uwanjani Lostallo katika mkutano ulioitwa Centena. Poschiavo bado humwita meya wake podestà, kama enzi za miji ya Italia ya kale.

Sasa chagua

Safari moja tu, bila gari: Poschiavo, lala usiku mmoja, usipite tu dirishani. Makazi na kazi: Moesa ya chini, isipokuwa kama una ajira tayari Poschiavo. Mtembea kwa miguu, mpenda sanaa au mtu aliyechoka na watu: Bregaglia, kati ya Juni na Oktoba, ukiuliza kwanza hali ya njia za Bondasca. Calanca ni kwa aliyekwisha kuona hayo mengine.

Na mwenye siku tatu anaweza kuunganisha mawili bila kurudi njia ileile. Panda treni St. Moritz asubuhi, lala Poschiavo. Kesho yake shuka Tirano, chukua treni ya Italia hadi Colico penye Ziwa Como, ubadilishe kwenda Chiavenna, kisha basi la kupanda Bregaglia na ulale Soglio au Stampa. Siku ya tatu basi la posta linakurudisha St. Moritz kupitia Maloja. Angalia saa ya basi la mwisho kutoka Chiavenna kabla hujaagiza chakula cha mchana Tirano.